Yeslam na Chaja ya Mbaraki

Yeslam ana duka la udi na mafuta mazuri mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, Mombasa. Duka lake ni dogo. Wateja wawili wakiingia, wa tatu hungoja nje. Lakini harufu yake huwafikia watu kabla hawajaliona. Juu ya duka ndiyo nyumba yake. Anaishi humo na mkewe, Hind, na mama yake mzazi, Bimdogo.

Mwaka huu Yeslam alinunua gari la umeme. Lilikuwa limetumika Japani kabla ya kuletwa Kenya. Alilinunua kwa ajili ya mama yake. Bimdogo ana maumivu ya nyonga. Hawezi kukaa muda mrefu mguu wake ukiwa umekunjwa, kwa hivyo basi hapandi tena. Katika gari la mwanawe, hukaa nyuma, akanyoosha mguu juu ya kiti na kuegemea mto.

Siku ya kwanza Yeslam alimpeleka kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Walikula mihogo ya kukaanga ndani ya gari, kwa pilipili na ndimu.

"Mbona halingurumi?" Bimdogo aliuliza.

"Hili ni la umeme, mama."

"Basi ni gari lenye adabu," mama alisema.

Yeslam alicheka kwa furaha. Wiki nzima aliwasimulia wateja wake maneno hayo.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini palikuwa na tatizo. Kichochoro chao ni chembamba. Gari halifiki mlangoni. Yeslam aliliegesha kwenye uwanja mdogo, mwisho wa kichochoro. Ili kulichaji, aliteremsha waya wa ekstensheni kutoka dirisha la juu. Waya mmoja haukufika. Akaunga wa pili. Nao haukufika. Akaunga wa tatu. Waya huo mrefu ulipita juu ya baraza la jirani yao, Maalim Ishaq, ukavuka mtaro wa maji, ndipo ukafika kwenye gari.

Hind hakuupenda waya ule hata kidogo.

"Yeslam, nimeushika, una joto," alimwambia.

"Ni jua hilo."

"Jua gani, na kichochoro hiki hakipati jua?"

Yeslam aliteremka dukani. Alijua mkewe asema kweli. Lakini alikuwa amewasifia watu gari lake kwa maneno mengi. Aliona haya kukubali kwamba hajui kulichaji.

Asubuhi moja, Maalim Ishaq alikuwa amekaa barazani pake. Alikuwa amekwisha kutandika mkeka, akingojea wanafunzi wake wa Kurani. Alisikia harufu. Mwanzo alidhani ni udi wa Yeslam. Kisha akauona moshi. Ulikuwa ukitoka pale waya wa pili ulipoungwa na wa tatu, ukingoni mwa mkeka.

"Yeslam!" alipiga kelele. "Zimeni umeme! Zimeni!"

Hind ndiye aliyesikia kwanza. Alikimbia kwenye swichi kubwa ya nyumba, akaizima. Yeslam aliteremka ngazi peku. Alimkuta Maalim Ishaq amesimama na kata ya maji mkononi.

"Usimwage maji, maalim! Ngoja nichomoe kwanza!"

Alichomoa waya juu, akarudi chini. Plagi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Mkeka ulikuwa umeungua kipande cha ukubwa wa kiganja.

Maalim Ishaq hakumgombeza. Aliuinua mkeka, akaonyesha pale palipoungua.

"Hapa ndipo watoto hukaa," alisema. "Walikuwa njiani waja."

Yeslam aligusa pale palipoungua. Alikaa barazani, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, maalim. Waya huu hautapita hapa tena."

Akaukusanya wote, akaukata vipande mwenyewe ili mtu mwingine asije akautumia.

Tangu siku hiyo gari lilikaa tu mwisho wa kichochoro. Lilikuwa na chaji ya kuzunguka mjini kidogo. Baadhi ya majirani walianza mzaha. "Yeslam, gari lako limefunga?" waliuliza. Yeslam alicheka nao, lakini moyoni alianza kufikiria kuliuza.

Ndipo simu ikaja kutoka Malindi.

Aliyepiga alikuwa Suhaila. Mama yake, Bi Fadhiya, ni mdogo wake Bimdogo, wa baba mmoja mama mmoja. Bi Fadhiya alikuwa amepatwa na kiharusi. Alikuwa ametoka hospitali, yuko nyumbani. Upande mmoja wa mwili ulikuwa mzito. Maneno yalimtoka kwa taabu.

"Anamtaja khaloo Bimdogo kila wakati," Suhaila alisema. "Chakula hali vizuri. Daktari atuambia tumtie moyo, lakini yeye hataki kutusikiliza."

Bimdogo aliomba simu. Aliiweka sikioni, akaita, "Fadhiya! Fadhiya, nakusikia!" Upande wa pili ilisikika sauti nzito isiyofahamika. Bimdogo alirudisha simu, akajifuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Mwanangu, nipeleke," alimwambia Yeslam. "Sauti hainitoshi. Nataka mato yangu yamuone."

Hind alitafuta gari la kukodi. Lilipokuja, lilikuwa refu, na kiti chake kilikuwa juu. Bimdogo alijaribu kupanda. Nyonga ilimshika hapo hapo, akalia kwa maumivu. Wakamrudisha ndani.

"Gari lake ni hili letu tu," Hind alisema. "Yeslam, huko mjini watu wana magari ya umeme. Wanayachaji wapi? Nenda ukaulize."

Siku ya pili yake Yeslam alifunga duka mapema. Alikuwa amesikia kwamba kuna chaja ya kasi kwenye duka moja kubwa Nyali. Alivuka daraja, akaikuta. Ilikuwa kama kabati refu lenye kioo na waya mnene. Yeslam aliona taabu imekwisha. Akashika plagi, akaielekeza kwenye mdomo wa gari. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia. Akaanza kuisukuma kwa nguvu.

"Mzee, usilazimishe," mlinzi alimwambia. "Hiyo si ya gari lako."

"Na ya gari langu iko wapi?"

"Hapa haiko."

Yeslam alimpigia simu rafiki yake mmoja. Rafiki alimwambia amepata kusikia chaja nyingine iko Tudor. Yeslam akarudi kisiwani, akaenda Tudor. Chaja aliiona kweli, lakini kioo chake kilikuwa cheusi. Ilikuwa imeharibika. Muuza maji ya madafu aliyekuwa karibu alimwambia imekuwa hivyo muda mrefu.

Sasa taa ya manjano iliwaka mbele ya usukani. Yeslam alizima kipoza hewa. Jasho lilimtiririka. Akaelekea nyumbani polepole, roho mkononi. Alipofika karibu na uwanja wa Tononoka, gari lilianza kujivuta kama mtu aliyechoka. Halafu likasimama katikati ya barabara.

Magari ya nyuma yakapiga honi. Watu wakaja.

"Washa tena!" mmoja alisema.

"Aah, hili haliwashwi," mwingine alisema. "Hili ni kama simu, limezima."

Watu wakacheka. Mwenye lori alileta kamba, akataka kulivuta. Yeslam alikuwa tayari kukubali. Wakati huo gari jingine lilisimama pembeni. Dereva wake alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buibui na miwani ya jua.

"Ami Yeslam! Asalaam alaykum. Kumbe ni wewe?"

Alikuwa Jana, mtoto wa Kibokoni, aliyehamia Tononoka baada ya kuolewa. Jana ni dereva wa teksi. Yeslam alijua hilo. Hakujua kwamba teksi yake nayo ni ya umeme.

"Waalaykum salaam, mwanangu. Ndiyo mimi, kama uonavyo," Yeslam alijibu. Uso ulimwiva kwa haya.

Jana alimgeukia mwenye lori. "Ahsante, ndugu, lakini usilivute kwa kamba. Magari haya yakivutwa huku magurudumu yakizunguka, mota yaweza kuharibika. Likienda mbali, libebwe zima zima juu ya lori. Hapa tulisukume tu lipishe njia."

Wakalisukuma taratibu hadi mbele ya karakana ya seremala mmoja, jina lake Gunga. Gunga aliacha kupiga randa, akatoka kutazama.

"Bwana Gunga," Jana aliuliza, "ile soketi yako ya nje ilifungwa na fundi wa umeme?"

"Ndiyo. Naitumia kwa mashine ya kukatia mbao."

"Tunaomba tuitumie mpaka gari hili lipate nguvu ya kufika kwenye chaja ya Mbaraki. Tutakulipa stima yako."

Gunga akakubali. Jana alifungua buti ya gari la Yeslam. Chini ya mto wa Bimdogo alipata mfuko. Ndani yake mlikuwa na waya wenye kisanduku kidogo.

"Huu ndio waya uliokuja na gari," alisema. "Ulikuwa ukichomeka mwisho huu ukutani, na huu kwenye gari, bila kitu katikati?"

"Katikati niliunga ekstensheni tatu," Yeslam alisema kwa sauti ndogo. Akamweleza habari ya moshi na mkeka wa Maalim Ishaq.

Jana alishika kifua. "Alhamdulillahi hakuna aliyeumia! Ami, gari hunywa umeme mwingi, tena kwa saa nyingi. Ekstensheni za nyumbani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hupata joto. Pale palipoungwa ndipo huyeyuka kwanza. Waya wa gari huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi nzuri iliyokaguliwa na fundi. Pasipowezekana hivyo, usichaji nyumbani. Sisi wa Mji wa Kale wengi wetu hatuwezi, maana gari halifiki mlangoni."

"Basi tusiwe na magari ya umeme?"

"Tuwe nayo. Tuchaji kwenye vituo."

"Vituo!" Yeslam alisema kwa uchungu. "Leo nimekwenda viwili. Cha Nyali plagi haikuingia. Cha Tudor kimekufa. Kesho naliuza gari hili."

Jana aliuchomeka waya kwenye soketi na kwenye gari. Gunga alileta kahawa, akawakaribisha kwenye benchi ambalo halijapigwa vanishi. Jana alimtazama Yeslam, akaona kwamba si gari tu linalomsumbua.

"Kuna nini, ami?"

Yeslam alimweleza habari za Malindi. Akamwambia jinsi Bi Fadhiya anavyomtaja dada yake kila wakati.

Jana aliweka kikombe chini. "Usiuze," alisema. "Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikwama Changamwe na mgeni anayekimbilia ndege. Alinitukana kwa lugha nisiyoijua, lakini nilimfahamu. Hakuna aliyenifunza. Nilijifunza kwa kukwama. Wewe huna haja ya kukwama tena. Ndoo hapa nikuonyeshe."

Wakaenda mbele ya gari. Kifuniko cha mahali pa kuchajia kilikuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na midomo miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

"Huu mdogo ni wa chaji ya polepole, kama hii ya sasa. Huu mkubwa wa duara ni wa chaji ya kasi. Magari mengi yaliyotumika Japani yana mdomo kama huu. Magari mengine yana mdomo wa umbo jingine. Chaja ya Nyali uliyoikuta ni ya magari hayo mengine. Si mbovu, ila si yako. Kwa hivyo, kabla hujaondoka nyumbani, jua mdomo wa gari lako, kisha tafuta chaja yenye plagi yake."

"Nitaijuaje nami sijafika?"

Jana alitoa simu yake. "Kuna programu za simu zenye ramani ya vituo. Hii hapa. Kila alama ni kituo. Nikibonyeza, naona picha ya plagi zilizoko. Naona kama ni ya kasi au ya polepole. Naona kama kuna mtu anachaji sasa hivi. Na hapa chini, madereva huandika habari. Soma cha Tudor."

Yeslam alivaa miwani yake, akasoma. "'Haifanyi kazi. Msijisumbue.'" Akaguna. "Kumbe wenzangu walikwisha kuniambia!"

"Walikwambia, ila hukujua pa kusikilizia. Tena usitegemee ramani peke yake. Ramani huchelewa kupata habari. Ikiwa kituo kina namba ya simu, piga uulize: chaja ya plagi hii inafanya kazi leo? Mpaka saa ngapi?"

Wakaiweka programu ile kwenye simu ya Yeslam. Jana alimwambia aandike mwenyewe jina lake na aina ya gari, kisha atie pesa kidogo humo kutoka kwenye simu yake, ili akifika kituoni asihangaike kulipa. Yeslam alikosea mara mbili. Jana alingoja. Mara ya tatu ilikubali.

Baada ya sala ya alasiri gari lilikuwa limepata chaji ya kutosha. Yeslam alimlipa Gunga, akamshukuru. Akamfuata Jana hadi Mbaraki.

Kituo cha Mbaraki kilikuwa ndani ya ua, na chaja zake zilikuwa chini ya paa. Yeslam alisimamisha gari, akamngojea Jana aanze. Jana alikunja mikono.

"Wewe ndiye dereva, ami. Mimi natazama."

Yeslam alizima gari. Aliinua kifuniko. Aliikagua plagi kama Jana alivyomwambia: haina ufa, haina maji, haina mchanga. Akaielekeza kwenye mdomo mkubwa, akasukuma. Ikaingia vizuri, ikalia "tak!" Kwenye simu alichagua namba ya chaja ile, akabonyeza pa kuanzia. Chaja ikavuma. Taa za buluu zikawaka mbele ya usukani.

"Imekubali!" alisema kwa sauti iliyowafanya watu wageuke.

"Sasa tazama namba zinavyopanda," Jana alisema. "Kule kwa Gunga zilitambaa. Hapa zinakimbia."

Yeslam alimpigia Hind simu. "Hind, inaingia! Wallahi inaingia, naiona kwa macho yangu!"

Ilipofika asilimia themanini, Jana alimwambia asimamishe. Yeslam alishangaa.

"Si tungoje ijae?"

"Ami, wewe hujaza chupa za mafuta kila siku. Mwanzo wamimina vipi?"

"Mwanzo namimina kwa nguvu. Ikikaribia shingo, namimina matone."

"Na betri ni vivyo hivyo. Mpaka themanini huingia kwa kasi. Baada ya hapo ni matone. Waweza kukaa hapa muda mrefu kwa chaji kidogo tu. Na tazama nyuma yako."

Nyuma yao palikuwa na gari jingine. Dereva wake, kijana mmoja aitwaye Morgan, alikuwa akingoja zamu.

"Ni lazima nimpishe?" Yeslam aliuliza.

"Ni uungwana. Chaji unayohitaji, kisha ondoka. Ukienda kunywa chai, acha namba yako ya simu kwenye kioo. Na usiegeshe hapa kama huchaji."

Yeslam alibonyeza pa kusimamishia. Alingoja chaja inyamaze na kufuli la plagi lifunguke. Akaishika plagi kwa mpini wake, hakuvuta waya, akaichomoa. Alianza kuondoka, kisha akakumbuka. Alirudi, akautundika waya mahali pake usije ukakanyagwa.

"Shukran, mzee," Morgan alisema.

"Karibu, karibu," Yeslam alijibu, kama vile kituo ni chake.

Jioni ile Jana alifika Kibokoni. Walikaa na Hind, wakapanga safari ya Malindi. Gari lile, kwa umri wa betri yake, lisingefika Malindi kwa chaji moja. Jana aliwaonyesha hoteli moja ya Kilifi yenye chaja ya plagi yao.

"Kilifi ni katikati," Hind alisema. "Basi tufike hapo chaji ikikaribia kwisha, ndipo tuchaji?"

"La. Hapo ndipo watu hukosea," Jana alisema. "Usifike kituoni ukiwa mtupu. Fika na akiba, ili kituo kikiwa na kasoro uweze kungoja, au kwenda kingine, au kurudi ulikotoka. Endesheni mwendo wa wastani. Mwendo wa kasi sana hula chaji. Na betri ikipata joto jingi, ipumzisheni kidogo kabla ya kuchaji tena."

Hind mwenyewe ndiye aliyeipigia simu hoteli ile. Walimjibu kwamba chaja inafanya kazi na wasafiri wanakaribishwa. Kwa hadhari, aliuliza pia kuhusu kituo kingine kilichokuwa mbele kidogo.

Waliondoka asubuhi, baada ya kuchaji Mbaraki. Bimdogo alikaa nyuma, mguu juu ya kiti. Alikuwa amevaa leso mpya na kujifukiza udi. Mapajani alibeba kikapu cha mikate ya sinia aliyoipika Hind. Njia nzima alisoma dua kwa sauti ndogo.

Walipofika Kilifi, mhudumu wa hoteli aliwajia akitikisa kichwa.

"Poleni. Stima imepotea sasa hivi. Chaja haiwezi kufanya kazi."

 Yeslam alikumbuka barabara ya Tononoka, honi na vicheko. Akatazama mbele ya usukani. Chaji ilikuwa bado karibu theluthi.

"Tumekwama?" Bimdogo aliuliza kutoka nyuma.

Yeslam aligeuka. "La, mama. Hatukukwama. Tuna chaji ya kwenda kituo kingine tukitaka. Tutangoja kidogo hapa kivulini. Stima isiporudi, tutakwenda huko."

Hind alimtazama mumewe, akatabasamu. Aliufungua mkate mmoja wa sinia, akamkatia kila mtu kipande. Mhudumu naye akapewa chake. Kabla hawajaumaliza, taa za hoteli ziliwaka. Yeslam alinawa mikono, akaikausha vizuri, akaenda kushika plagi. Hakumwita mtu.

Adhuhuri iliwakuta Malindi.

Suhaila alitoka mbio kuwapokea. Yeye na Hind walimshika Bimdogo huku na huku, wakamwingiza chumbani. Bi Fadhiya alikuwa amelala chali. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea. Alipomwona dada yake, midomo ilitetema, lakini hakuna neno lililotoka. Machozi yalimshuka.

Suhaila alileta kiti. Bimdogo hakukitaka. Kwa nyonga ile hakuweza kuinama kumkumbatia mdogo wake akiwa amekaa. Alishika ukingo wa kitanda, akajishusha taratibu, akajilaza kando yake.

"Sogea huko," alimwambia. "Tangu utoto wewe wachukua kitanda kizima."

Bi Fadhiya alicheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, lakini alicheka kwa sauti. Suhaila alifunika uso kwa viganja, akalia. Hakuwa amesikia kicheko cha mama yake tangu alipougua.

Mchana ule Bi Fadhiya alikula. Bimdogo ndiye aliyemlisha, wali laini kwa samaki, huku akimkumbusha mambo ya usichana wao ambayo watoto hawakuruhusiwa kusikia. Yeslam na Hind walikaa ukumbini, wakisikia vicheko tu.

Nyumba ya Suhaila ina ua, na gari lilifika mpaka ukutani. Fundi wa umeme alikuja, akaikagua soketi ya nje na kusema ni salama. Walipolala, gari lilichajiwa pale polepole kwa waya wake mwenyewe, bila kuungwa kitu.

Tangu siku hiyo, wao huenda Malindi mara kwa mara. Kibokoni hapana tena waya unaopita juu ya baraza la mtu. Yeslam huchaji Mbaraki huku akisoma habari za madereva kwenye simu yake, na chaja ikiwa na kasoro, naye huandika ili wenzake wajue. Maalim Ishaq alinunuliwa mkeka mpya. Juzi aliomba lifti ya kwenda Kilifi kumtazama mwanawe, akaipata.

Bi Fadhiya anafanyishwa mazoezi na wauguzi. Suhaila asema siku anazojua mama yake kwamba Bimdogo yuaja, huyafanya bila kulazimishwa. Mara ya mwisho walipoingia uani, hawakumkuta kitandani. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fimbo. Ule mkono mwingine, uliokuwa mzito, aliuinua polepole mpaka usawa wa bega, akampungia dada yake.

Bimdogo alifungua mlango wa gari kabla halijasimama vizuri.

"Mama, ngoja nizime!" Yeslam alisema.

"Zima wewe," Bimdogo alijibu, mguu wake mmoja tayari uko chini. "Mimi nimefika."